Shokapu za Mama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chakula.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako. Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuacha, au bado mnalala chumba kimoja? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Najua macho yako yanatafuta habari za Mama. Mshono wa mgongo umepona vizuri, lakini daktari alisema bila mazoezi ya kliniki kila wiki hatatembea tena. Mama akaenda mara moja, kisha akagoma. Kila nikimuuliza sababu, ananiambia amechoka tu. Unamjua, akikataa amekataa.

Sababu nimeijulia gereji. Shokapu moja ya pikapu, kile chuma cha kupunguza mrusho wa gari, ilianza kuvuja mafuta, nikaenda kununua nyingine ngumu za mizigo, kama zilizokuwapo. Si unajua mimi na saruji ni chanda na pete. Fundi Taratibu, yule wa maneno machache na chai nyingi, ana tabia yake: hakufungii kitu kabla hajajua nani anapanda gari. Nikamwambia ni mimi, saruji na Mama.

"Basi kaa anapokaa Mama," akasema. "Usukani niachie mimi."

Tukapita ile barabara ya machimbo ya mawe, ya kwendea kliniki. Dereva hulijua shimo kabla halijafika, na ana usukani wa kushika. Wa kando hana kitu. Kila shimo lilinipanda mpaka kwenye meno. Nililia, mdogo wangu, sikufichi, na fundi akajifanya anaangalia kioo. Siku ile ya kliniki Mama alikaa pale na mshono mbichi asiseme neno, kwa sababu gari hilo ndilo linalotulisha.

Fundi akanieleza kwamba zile ngumu hutulia gari likishiba mzigo, likiwa tupu zinakurusha. Laini zinameza mashimo, ila ukizidisha saruji zinakufa mapema. Mshika mbili moja humponyoka. Nikachukua laini, akaniondolea na jani moja la springi ili gari lilainike. Sasa nabeba nusu na kwenda mara mbili. Wifi yako anacheka eti nimekuwa dereva wa maharusi.

Alhamisi nilimbembeleza Mama mpaka akakubali. Alifumba macho tangu getini, mkono umeng'ang'ania mlango. Kwenye machimbo nikaona vidole vinalegea kimoja kimoja. Tulipofika akafumbua macho, akaniuliza, "Kumbe barabara wameshatengeneza?"

Nikaitikia tu, "Naam, Mama." Alifanya mazoezi yote, na wiki ijayo amesema twende mapema.

Wifi yako anakusalimu sana, na mapacha wanataka kujua kama bado unaimba vibaya. Shangazi anasema umemsahau. Mama naye kanikalisha hapa niandike maneno yake: "Mwambie mwanangu barabara sasa ni nzuri, gari halirushi tena. Aje, hana kisingizio."

Mashimo yote yako palepale, mdogo wangu. Usimwambie. Njoo tu.

Mungu akutunze na akupe kifua kizima.

Mimi kaka yako, nikupendaye na kukungoja.