Mzee Tamati, Tulidhani Bado Unatafuta

Dung, dung, dung: noti moja nene ikirudiwa, kabla hatujafumbua macho. Ndivyo ulivyotuamsha, Baba, ukiipima piano yako kabla ya kwenda kurekebisha za watu. Mwaka umetimia leo tangu noti ile inyamaze.

Majirani walikuita Mzee Tamati, kwa kuwa ulipenda kuumalizia muziki ulioachwa nusu. Mtunzi fulani wa kale alikufa kabla ya kuumaliza wimbo wake. Wewe uliupiga mpaka pale kalamu yake ilipokomea, ukatua, kisha ukabuni mwisho papo hapo. Kila Jumapili mwisho mwingine.

"Uandike basi, Baba," kijana wako alikuchokoza. "Shairi lisilo na ubeti wa mwisho ni la mvivu."

Ukamtazama juu ya miwani. "Na wewe malenga wangu, umemaliza lipi?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Ulifundisha watoto bila kiboko wala makelele. Mwanafunzi akikosea, ulilichukua kosa lake ukalichezea mpaka likawa wimbo, naye akarudi kwao kifua mbele.

Sheria yako ilikuwa moja tu: ukitua, mtu asikohoe, asifungue mlango. "Hapo natafuta," ulisema.

Jumapili ile mchana ulifika pale muziki ulipokatika, ukatua. Sisi tulikuwa sebuleni, mlango wa chumba cha piano umerudishwa. Kitindamimba wako akainuka akuletee maji. Mama akaweka kidole mdomoni. "Shii! Baba yenu anatafuta." Tukangoja mwisho mzuri kuliko yote. Tukangoja mno. Tulipofungua, ulikuwa umeegemea ukuta, mikono mapajani, umeshatutoka.

Tangu hapo Mama hamnyamazishi mtu. Daktari alimwambia hata tungeingia mapema tusingekuwahi. Hasadiki. "Ningemwacha mtoto apeleke maji," husema, kisha hujifungia chumbani kutwa nzima.

Hatuna namna ya kukusahau, Baba: mkeo, wanao watatu, dada zako wawili, mkweo fundi cherehani, na wanafunzi wako wote.

Leo asubuhi, mbele ya jamaa hao, kijana wako amemshika Mama mikono yote miwili, akasema kwa sauti kila mtu asikie: "Mama, sote tulinyamaza siku ile. Mzigo huu si wako peke yako. Naahidi, kuanzia leo ukikaa kimya mle chumbani, nitaingia, hata kama hujaniita."