Sauti Uliyosema Umeinunua Tarakea

Aloyce,

Shemeji Leokadia amenipa lile boksi lako la kanda. Alisema, "Chukua wewe, Elia, mimi zinaniliza." Nikalibeba hadi kibandani kwetu karibu na stendi, nikajua mchana huo nitakaa na wewe. Na kweli nilikaa na wewe. Laiti ningelichoma bila kulifungua.

Nianze na mazuri, usije ukasema nina chuki. Kanda yetu ya giza bado inatoka. CD zimeingia mjini, lakini hiyo vijana wanaitaka vilevile: wanajifungia chumbani, wanazima taa, wanaisikiliza mpaka mmoja akimbilie nje. Kila nilipoirekodi upya nilikumbuka tulivyohangaika kuitafutia milio. Kinanda kibovu cha kanisani, kile kilichokoroma kabla ya kuimba. Zile kelele za kati ya stesheni mbili za redio. Zeze la yule mzee wa Kahe, aliyetuuliza kama tuna akili timamu tulipomwomba alegeze nyuzi. Na pelele! Tulilowa kule msituni juu ya Kilema tukimngoja mnyama asiyemzidi sungura, na alipopiga ukelele wewe ndiye uliyetimua mbio na redio ukaniacha. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye matope.

Lakini watu waliifuata kwa ajili ya upande wa pili. Ile sauti ya mwanamke, nzito, inavutika, huelewi kama anaimba au anaita. Ulikuja nayo siku moja ukasema umeinunua Tarakea, kwa Mkenya muuza kanda. Nikakushika mkono nikakwambia, "Kaka, hii ndiyo yenyewe." Uliangalia pembeni. Nilidhani unaona haya kusifiwa.

Ndani ya boksi kulikuwa na kanda isiyoandikwa chochote. Nikaweka betri mpya, nikaiwasha. Ikaanza kwaya ya msiba wa Manka, mdogo wangu. Sisi wenyewe ndio tuliokuomba urekodi siku ile, kama watu wanavyofanya, ili kaka yetu wa Mwanza aliyeshindwa kufika asikie mazishi. Kanda uliyotupa iliishia kwenye mahubiri. Ulisema betri zilikwisha kabla hatujaenda kaburini. Mama akakupa pole. Akakupa na mtori, ukala.

Betri hazikuisha, Aloyce.

Nilisikia makoleo. Nilisikia watu wakijipenyeza kwenye migomba. Halafu nikamsikia mama yangu pale kihambani, shambani kwetu, anamwambia Manka kwa Kichagga aamke, ng'ombe hajakatiwa majani, aamke waende. Anarudia na kurudia, vile wanawake wa kwetu wanavyolia, nusu wimbo. Nikazima. Nikatoa betri mpya nikaweka zilizochoka, kama ulivyonifundisha mwenyewe mtu akitaka sauti iwe nzito. Nikawasha tena. Akatoka yule mwanamke wako wa Tarakea.

Miaka yote hiyo nilikuwa namuuza mama yangu. Nilimsifia kwa wateja. "Msikilize huyu, utatoka jasho," ndivyo nilivyosema, na wewe umesimama hapo hapo unapanga makava ya kanda.

Nimejaribu kukutetea. Labda ulitaka kuniambia ukakosa nafasi. Nafasi ipi, Aloyce? Ulipolazwa nilikuja kila jioni na chupa ya uji, na pumzi za kubishana mpira ulikuwa nazo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilidhani wanasema watu wengine. Nina hasira na sina wa kumkasirikia. Juzi nimemfokea fundi viatu wa watu bila sababu, ikabidi nirudi kumwomba radhi.

Jumamosi mama alishuka na ndizi zake sokoni, akapita kibandani kupumzisha miguu. Kinyozi wa jirani alikuwa anaipiga kanda yetu, upande wa pili. Mama akatega sikio. Betri zile zimeyaburuta maneno mpaka hayashikiki, lakini mfiwa humjua mfiwa mwenzake. Akasema, "Maskini, mama wa watu. Sijui amefiwa na nani."

Nikamjibu, "Sijui, mama."

Umenifanya nimdanganye mama yangu usoni, kwa siri ambayo hata si yangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kanda ya kinyozi nimeichukua, na mimi sirekodi nyingine. Nyingine zimeshasambaa, siwezi kuzifuata hadi Rombo. Lakini hili nakuahidi: Jumapili tukitoka kanisani nitamwambia mama kila kitu. Nitampa ile kanda isiyoandikwa, na betri nzima, amwite mtoto wake kwa sauti yake mwenyewe. Ni yake. Akitaka kuisikiliza, akitaka kuitupa jikoni motoni, ni juu yake.

Nitapitia kwako kwanza. Masale waliyokupandia kaburini yameshika vizuri. Nitakata jani moja, nilifunge fundo, nimpelekee mama kwa jina lako, maana sale la kuomba radhi hupelekwa na aliyekosa, na wewe miguu huna tena. Atalipokea. Unajua vizuri kuwa kwetu sale halikataliwi, atakusamehe hata kama moyo wake hautaki.

Kwaheri, Aloyce. Yeye sale nitampelekea mimi. Langu mimi sijui ataniletea nani.