Chujio Alilojenga Baba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, mvua ikinyesha.

Mpendwa mdogo wangu, Mziwanda wetu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimetulia? Mara ya mwisho kwenye simu ulikohoa mpaka Mama akaanza kukutafutia asali, kana kwamba angeweza kukunywesha kupitia waya. Unakula vizuri, au bado unakunywa chai na kuiita chakula cha jioni?

Sisi hatujambo. Magoti ya Mama humsumbua kila mawingu yakitanda, naye huyalaumu mawingu. Mimi bado niko na cherehani yangu. Nimemaliza sare za shule juzijuzi na vidole vimejaa matundu kama kichungi cha chai.

Ya Baba ni mengi leo. Tafuta kiti kwanza.

Unajua alivyopatwa na kiharusi, lakini alivyokuwa baadaye hukuona, na kwenye simu si rahisi kusema wakati mwenyewe yuko chumba cha pili. Mkono wa kushoto ulilala. Mtaalamu wa mazoezi alimwachia mpira wa kubana, akautupa chini ya kitanda. Fundi bomba aliyepanda juu ya maghorofa kufunga matangi ya maji, akawa hataki hata kufunga kifungo cha shati. Akawa analala ameelekea ukutani. Siku moja Mama akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akajibu bila kugeuka, "Koleo ni zima. Aliyevunjika ni mhunzi." Tukatoka chumbani.

Sasa hodhi lako la kioo, la samaki na matumbawe. Nimelitunza kama ulivyoniachia, chumvi kwa kipimo, chakula kidogo kidogo. Lakini lile chujio la kuning'inia nyuma ya kioo lilianza kukoroma, na asubuhi moja nikalikuta kimya. Mota imeungua. Maji yana ukungu, samaki wako wawili wa rangi ya chungwa wako juu wanahema kama watu waliokimbizwa, matumbawe yamejikunja. Nikawa nachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu yapate hewa, machozi yananidondoka. Waweza kusema samaki si wa kulilia. Lakini humu ndani hatuna kingine kilicho chako na kinachopumua.

Nikasikia fimbo inagonga sakafu. Baba kasimama mlangoni, shuka begani.

"Unafanya nini?"

"Maji hayazunguki, Baba. Chujio limekufa."

Tangu uondoke alikuwa akilipita hodhi hilo kwa kugeuza shingo. Siku hiyo alilitazama kwa muda mrefu.

"Maji yasiyozunguka huoza," akasema. "Nipe kiti. Na shati."

Tulikwenda kwa yule mama muuza samaki wa mapambo, mwenye duka la matangi mpaka dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza Baba kutoka nje tangu augue. Akaonyeshwa machujio ya kila aina, naye akayageuza moja moja kwa mkono mmoja, anayachungulia kama anayenunua mbuzi. Hili dogo kwa maji yale. Hili sifongo yake itaziba, na uchafu utabaki mle mle ndani ya maji. Hili zuri, lakini likiharibika nitamwita nani?

Mwenye duka akacheka. "Basi jenga lako, mzee."

Naye hakuwa anatania. Akatuchorea kwenye kipande cha boksi: tangi la pili likae chini, ndani ya kabati. Maji yashuke kwa uzito wake, yapite kwenye mfuko wa kitambaa unaozuia takataka, kisha kwenye mtungi unaoyapiga yawe povu, uchafu upande na povu na kumwagikia kikombeni. Halafu yapite kwenye mawe ya baharini, ambayo vijidudu vyake hula kilichobaki, ndipo pampu iyarudishe juu. Tukachukua pampu, mtungi wa povu na mabomba ya plastiki, na akatuazima kipampu cha hewa ili samaki wasife wakati fundi anajifikiria.

Mdogo wangu, nyumba iligeuka karakana. Baba alipima vioo na kuviunganisha kwa gundi ya silikoni. Mkono wa kushoto aliutumia kama jiwe, anaulaza juu ya kioo ili kisisogee. Mifuko ya kuchujia nilishona mimi. Wa kwanza niliushona kwa kitambaa kizito mno, maji yakakataa kupita, Baba akaniambia nimeshona koti. Wa pili ukakubali.

Ilipofika kuunga mabomba, akafungua sanduku lake la zamani, akatoa viungio vyake vya shaba, vimefungwa kwa kitambaa kama vito vya bibi harusi.

Hapa sina haja ya kukueleza, wewe ndiye mwenye kidonda. Plastiki ndiyo iliyowatenganisha. Bado namwona akiyang'oa mabomba uliyoyafunga kwenye nyumba ya mteja, mbele ya watu, akisema plastiki ni kazi ya wavivu, na wewe ukiweka spana chini taratibu. Kwenye karakana yake hukurudi, na hamjasemezana tena.

Nikajaribu. "Baba, yapo yale ya plastiki tuliyopewa dukani…"

"Wewe shona."

Akafunga shaba. Maji yakazunguka vizuri mno, Mama akapiga makofi. Lakini siku chache baadaye yule kamba wako mwekundu alilala ubavu na hakuinuka. Konokono wakaanza kuanguka kutoka kwenye kioo. Matumbawe yakafunga ngumi. Nikampigia mwenye duka, akaja, akapiga magoti, akapitisha mkono kabatini.

"Nani katia shaba humu?"

"Mimi," Baba akasema.

Mwenye duka hakumfokea. Alikaa sakafuni pale pale. "Shaba kwa watu haina neno, mzee. Kwa viumbe hawa ni sumu. Maji ya chumvi huila polepole, nao wanaimeza. Hata mimi niliwaua wengi kabla sijaelezwa."

Alipoondoka, Baba alibaki ameketi mbele ya kioo. Nilikuwa nakunja vitambaa nyuma yake. Akasema, sijui kama ananiambia mimi au anawaambia samaki, "Mtoto alinionyesha kitu kipya, nikamwaibisha mbele ya watu. Mimi, baba yake." Nikaendelea kukunja. Kisha akaomba msumeno.

Shaba yote ikatoka. Maji mengi tukayabadilisha, tukatia na mfuko wa mkaa maalumu wa kunyonya sumu. Baba akafunga plastiki kiungo kwa kiungo.

Usidhani mambo yakaishia hapo. Umeme ukakatika. Pampu iliposimama, maji ya juu yakajivuta kurudi chini kupitia bomba lile lile linaloyapandisha, tangi la kabatini likafurika. Mama alikuwa ameketi miguu iko juu ya zulia, akadhani ni magoti yake yameanza kuvuja. Alipotambua, akamgeukia mumewe:

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe umeitia maji sebule!"

Baba alicheka. Mdogo wangu, alicheka mpaka akayumba na kushika ukuta, na ukuta aliushika kwa mkono wa kushoto. Vidole vilifunguka vyenyewe. Mama aliona, na mimi niliona. Tulichukua matambara tukaanza kukausha, Mama amegeuzia uso dirishani.

Kesho yake alitoboa kitundu kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji. Umeme ukikatika, maji yanapungua kidogo tu, kitundu kinavuta hewa, na mvuto unakatika. Tumejaribu tena na tena. Zulia limepona.

Sasa nikupe habari za wagonjwa wako. Lile tumbawe la matawi, ulilolipenda, limekufa. Limebaki jeupe kama chaki. Pole sana. Nililitoa mwenyewe, Baba hakuweza. Samaki wote wawili wazima. Yale matumbawe laini yenye umbo la vidole yameanza kufunguka tena, kila asubuhi zaidi kidogo. Baba huamka kabla yetu kwenda kumwaga kikombe cha povu. Uchafu wake ni mweusi kama chai iliyosahauliwa na una harufu ya kukimbiza mwizi, lakini hakuna mgeni anayeruhusiwa kuketi kabla hajaonyeshwa. Shangazi alionyeshwa, akaahirisha chakula.

Mpira wa kubana tumeuokota chini ya kitanda. Anaubana akitazama samaki.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Shemeji yako anakusalimu. Shangazi naye anakusalimu, na anauliza kama huko pia watu hufuga uchafu kikombeni. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe wenzako wema, na akurejeshe kwetu ukiwa mzima.

Baba ameona naandika, kavuta kiti, kaniambia nimwachie nafasi chini. Mwandiko wake unaujua, kama kuku kapita kwenye unga. Usome polepole.

Ni mimi nikupendaye, uandike usiandike,
Dada yako wa cherehani.

*

Mwanangu,
Pampu ina mlio nisioupenda. Dada yako anasema ni masikio yangu. Huenda ni kweli. Njoo uisikilize uniambie. Usibebe vifaa, vipo.
Baba.