Nimeufagia Msitu wa Baba

Chumba cha nyuma, nyumbani kwa Mama,
Jumapili mchana.

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimeshaachia. Sisi hatujambo. Mama analalamikia magoti, ila ulimi wake hauna maradhi yoyote. Mimi ni mzima wa mwili tu. Aibu niliyo nayo, ingekuwa homa ningeshalazwa.

Nimeanza kuandika nikachana, nikaanza tena. Basi wacha niseme: nimekuharibia kazi yako.

Ule msitu wa marehemu baba, uliouhangaikia mpaka watu wa hifadhi wakakubali kuja kuupima udongo wake waone kama unafaa kuhifadhiwa, nimeufagia. Umesoma vizuri, nimeufagia. Wageni wanakuja, nikajisemea, na unatujua sisi watoto wa Mama, mgeni hakanyagi uchafu kwetu. Nikaita vibarua, tukakwangua majani yote, tukayakokota magogo yaliyooza, tukayapiga kiberiti. Nikasimama pale kifua mbele kama bwana harusi. Hata picha nilipiga nikutumie.

Mpimaji ni mama mmoja mfupi, mvaa buti, mcheshi kweli. Alipoingia msituni ucheshi ukamwisha. Akainama, akapapasa chini.

"Nani kafagia hapa?"

Dada, nilidanganya. Nikasema, "Ni upepo, mama."

"Upepo gani huu unaoacha alama za reki?"

Wasaidizi wake waligeuka pembeni kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alinieleza bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Kumbe kaboni ambayo miti huivuta hewani haikai kwenye mashina tu, nyingine iko chini ya miguu yetu. Inaingia udongoni kwa majani yanayooza, kwa mizizi inayokufa, kwa ukungu na minyoo wanaoimeng'enya hiyo takataka na kuishusha chini. Halafu inategemea na udongo wenyewe. Mfinyanzi huishikilia, mchanga huiachia upesi. Kivuli kinasaidia pia, maana ardhi ikipigwa na jua huipoteza haraka, na moto ndio kabisa, unairudisha hewani. Mimi niliunyima udongo chakula, nikauvua shuka, kisha nikawasha kiberiti.

Alichimba shimo refu akanionyesha. Huko chini weusi wa hiyo kaboni bado upo, mfinyanzi umeushika tangu enzi za babu. Ila tabaka la juu hawezi kulipima lilivyo sasa. Atarudi majani yakishajaa tena, labda mwakani, labda baadaye zaidi.

Hayo bado si mabaya yenyewe. Baba mdogo aliponiuliza mbona wapimaji wameondoka mapema, niliona haya kusema nimefagia. Nikamwambia wamekuta udongo wetu hauna kitu. Sasa kazi yake imekuwa kuimba hivyo kila anapokaa, na ameshamwita mtu wa mbao. Jumamosi kuna kikao cha familia, na msitu wa baba utakatwa kwa neno langu mimi.

Sikuombi unitetee. Nitasimama mwenyewe niseme mbele ya wote, na wacheke wanavyotaka. Ninachokuomba ni umpigie baba mdogo siku hiyo umweleze habari za udongo, kwa sababu mimi nikishasema hayo hataniamini tena kwa lolote, na wewe anakusikiliza.

Mama nilimweleza jana. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kwa hiyo ni mimi niliyekufundisha."

Leo hakufagia uwanja. Mama yetu, dada! Majani yamelala mpaka mlangoni, naye amekaa kibarazani akiyatazama, mikono haijui pa kuwekwa. Anasema tuyaache yarundikane, tutayabeba kwa gunia mpaka msituni Jumamosi jioni, ikiwa bado utakuwa wetu.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu, hasa yule mtundu wa mwisho. Shangazi anakusalimu sana, anauliza lini utakuja. Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo wa kunisamehe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ambaye Mama sasa ananiita

Bwana Upepo.