Pasi ya Kombati

Ruangwa, Jumanne jioni



Asubuhi nilikwenda zahanati ya Nachingwea na uongo niliokwisha kuupanga: nimerukiwa na mafuta ya maganda nikichoma korosho. Huku nani asiyeunguzwa na korosho? Nilijua hakuna atakayeuliza.

Nesi akapandisha mkono wa gauni langu, akatazama. Kisha akasema polepole, "Dada yangu, mimi nimezaliwa Mbekenyera, nimekulia kwenye mikorosho. Korosho inarukia hapa na pale. Haiachi alama yenye ncha ya pasi."

Nilijiona kama nimevuliwa nguo.

Nikasema kweli. Ni mume wangu, tena ni mwanajeshi, kwa hiyo hakuna wa kumgusa. Ndivyo anavyoniambia siku zote.

"Nani kakudanganya?" Nesi akanipeleka mwenyewe polisi, dawati la jinsia. Askari wa kike akaandika kila neno, kisha tukaenda naye kota za jeshi tunakoishi kuichukua pasi, ile anayonyoshea kombati zake, maana mume wangu alikuwa zamuni. Imebaki kituoni kama ushahidi.

Miaka sita ya kuvumilia! Kumbe polisi ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Sasa niko na wanangu kwa dada, huku Ruangwa. Naogopa kufukuzwa kota. Naogopa watakula nini. Tena namwonea huruma mume wangu, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Amepiga simu sasa hivi. Nikadhani ataomba radhi, au atatukana. Hakuulizia mkono. Hakuulizia watoto.

"Pasi umeiweka wapi? Kesho nina gwaride."