Miguu Safi Kwenye Chumba cha Kompyuta

Mpendwa Hadija, mwanafunzi wangu,

Naamini bado unaikumbuka kompyuta ya shule yetu. Ilikuwa moja tu, ya mtumba, ya miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa hadi kwetu Singida. Niliifunika kwa kitambaa alichofuma mke wangu, na mlangoni nikabandika amri: viatu nje, miguu iwe safi. Kwenye semina nilikuwa nimeambiwa kwamba vumbi ndilo linaloua kompyuta, basi nikawa mkali kuliko mlinzi wa benki.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya ufadhili wa kidato cha tano ulikuja mapema, maelezo yako umeyaandika vizuri kwenye daftari. Intaneti yetu ilipita kwenye simu ya ofisi, na mkuu wa shule alituachia simu hiyo hadi saa tisa tu. Nikakutazama miguu.

"Kanawe," nikasema.

Tangi la shule lilikuwa kavu. Ukaenda kisimani, ukapanga foleni na akina mama, ukarudi mbiombio. Nikakutazama tena miguu, nikakurudisha.

"Mwalimu, nimenawa. Njia ndiyo yenye vumbi."

Wenzako waliokuwa ndani wakacheka, nami nikakuona una kiburi. Mara ya pili ulirudi na maji kwenye ndoo, ukanawia palepale mlangoni. Ilikuwa saa tisa na robo. Simu ilikuwa imesharudi ofisini. Hukulia, Hadija. Ulinisaidia kuifunika kompyuta.

Ningeweza kukupa kandambili zangu. Ningeweza kulichukua daftari lako nikaandika mwenyewe. Mambo mepesi hivyo, na hayakunijia kichwani hadi ulipokwisha kuolewa. Kompyuta nayo iliharibika mwaka uliofuata. Fundi alisema ni umeme, wala si vumbi.

Mwezi uliopita nilishuka Iguguno, nikakukuta kando ya barabara unauza mafuta ya alizeti.

"Shikamoo mwalimu," ukasema, ukaniachia kigoda chako.

Nilitaka kukuomba radhi. Lakini macho yangu, kwa mazoea yale yale mabaya, yakashuka chini. Ukaona. Ukavuta kanga, ukafunika miguu.

Niliondoka bila kukuomba radhi hiyo, na aibu yake ninalala nayo. Nisamehe, mwanangu. Ukipata nafasi njoo nyumbani, uingie na viatu vyako hadi sebuleni.

Ni mimi,
Mwalimu wako