Mashine ya Mama ya Kumwagilia Miche

Tarehe 3 Machi

Kwako Mjomba, fundi wa lifti mwenye miguu isiyojua ngazi,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuacha na kutafuta mtu mwingine wa kumsumbua. Sisi wazima, ila bega la Mama bado linamuuma tangu alipoteleza pale kwenye tangi la maji. Mimi nazidi kupendeza, na sina la kufanya.

Bodi mbili za kuendeshea mashine ya kumwagilia ulizotuma zimefika salama, ile ndogo kama kiberiti na ile kubwa kidogo. Mama alizigeuza geuza akauliza, "Hizi ndizo zitakazobeba ndoo?" Nikamjibu, "Zitabeba ndoo, na asubuhi zitakuamkia."

Mjomba, chuo cha umeme kimenikubali! Mimi huyu niliyeishia kidato cha pili! Kinafunguliwa Juni. Shida ni miche. Nyanya na pilipili za Mama ndizo zinazotuweka mjini, na mtu wa kunyanyua ndoo ni mimi. Yeye anasema niende tu, lakini namjua: nikikata kona, anashika ndoo na bega lake bovu. Kwa hiyo mashine isipomwagilia yenyewe, siendi popote.

Bado kuchagua lugha ya kuandikia programu. C inaingia kwenye ile bodi ndogo bila kelele. Python inataka ile kubwa, inakula umeme na inakokota miguu. Mimi roho iko kwa C. Ni lugha ya watu waliokomaa. Python ni baiskeli ya magurudumu manne. Unasemaje? Ingawa nimeshaamua.

Mpwa wako,
injinia mtarajiwa

---

Tarehe 14 Machi

Mpwa wangu, Profesa wa Kidato cha Pili,

Marahaba. Kikohozi kimehama, umehamia uvivu. Hongera ya chuo. Nilipiga kelele kazini mpaka msimamizi akadhani nimebanwa na mlango.

Sikia. Hapa kuna jengo ambalo lifti yake iliandikiwa programu na jamaa mmoja mjanja kuliko wewe, kama hilo linawezekana. Aliandika kwa mafumbo, mistari michache, spidi ya ajabu. Kisha akaenda zake. Sasa lifti ikiganda, hakuna anayethubutu kuigusa. Wazee wanapanda ngazi na vikapu vyao, wakimtaja kwa majina ambayo siwezi kukuandikia.

C siyo mbaya, mimi mwenyewe naila kila siku. Lakini kabla hujauliza lugha ipi ina mbio, jiulize: ukiwa chuoni, nani atakayeifungua hiyo programu? Na mche haukimbii kokote. Ukingoja maji nusu sekunde haulalamiki.

Msalimie dada yangu. Mwambie ndoo aiweke mbali.

Mjomba wako

---

Tarehe 25 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, habari za uvivu? Sisi wazima, bega lilelile.

Nimekusikia, ila umechelewa: C imeshaingia! Nimeijaribu mbele ya Mama, sekunde kumi maji, sekunde kumi kimya, bomba linafunguka na kufunga kama mtu mwenye adabu. Majirani wamekuja kutazama. Mmoja kaniita Daktari, sikumkatalia.

Kesho naweka muda wa kweli, dakika kumi na tano asubuhi na dakika kumi na tano jioni. Wewe endelea kuwahurumia wazee wa ngazi.

Mpwa wako,
Daktari

---

Tarehe 22 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Mwezi mzima kimya. Wewe! Hata ukilala huwa unaongea.

Mama yako amenipigia simu. Ameniambia mlirudi kutoka kliniki mkakuta miche inaelea. Hakulalamika. Alichosema ni, "Usimkemee, kaka. Alikuwa amefurahi sana." Akaongeza kwamba umekataa kujaza karatasi za chuo.

Sikukemei. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipeleka lifti chini na bosi ndani, akakaa gizani mpaka akajifunza kuimba. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mjomba wako

---

Tarehe 2 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kwa wema wako huo, sina tusi.

Nimeshaijua kasoro. Dakika kumi na tano nilizigeuza kuwa vipande vidogo vidogo, elfu moja kwa kila sekunde, hesabu ikatoka laki tisa, na mimi nilikuwa nimeitengea chombo kisichobeba hata elfu arobaini. Ikafurika, ikarudi chini ya sifuri, na mashine ikaisoma kama muda usio na mwisho. Sekunde zangu kumi zilikuwa chache, ndiyo maana kwenye majaribio sikuona kitu. Bomba halikufunga. Daktari kaua kitalu kizima.

Mama alichukua ufagio, akayasukuma maji nje. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasema, "Haya, nionyeshe hiyo barua uliyoiandikia mashine." Nikamfungulia kompyuta. Akatazama yale mabano akaguna: "Mwanangu, hapa hata ukiandika nimekufa, nitajuaje?"

Hapo ndipo lifti yako ilipoingia kichwani, Mjomba.

Nimehamia ile bodi kubwa, nimeongeza kipimo cha unyevu wa udongo, nimeandika kwa Python. Vitu vyote nimevipa majina ya Kiswahili: bomba, udongo, dakika. Maneno yake ya kizungu ni machache, nimemwandikia Mama maana yake pembeni. Juzi akasoma mwenyewe, kidole kwenye kioo: "Udongo ukikauka, fungua bomba, dakika kumi na tano, funga. Mbona ni kama ninavyokutuma wewe, ila hii haibishi?"

Tumepanda upya. Karatasi za chuo nimezijaza, yeye amesimama nyuma yangu kama askari. Asante, Mjomba. Asante ya bodi, ya bosi wako aliyejifunza kuimba, na ya kutoniambia "nilikwambia". Najua ilikuwasha ulimi.

Mpwa wako,
udaktari nimeurudisha

---

Tarehe 19 Juni

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kisirudi, uvivu usizidi. Nakuandikia kutoka bweni la chuo, kitanda cha juu, chini yangu kuna jamaa anayekoroma kama pampu iliyonyonya hewa. Mimi mzima, na darasani tayari nawasumbua.

Juzi Mama alipiga simu. "Mashine inamwagilia mno," akasema, "majani ya pilipili yanaanza kuwa njano." Nikaona kitalu kinaelea tena. Nikamwambia, "Usiguse kitu, Mama. Jumamosi nakuja."

"Uje kufanya nini?"

"Kurekebisha."

"Nimeshaifungua. Palipoandikwa kumi na tano nimeweka nane. Nikakaa nikaitazama mpaka ikafunga. Nilikuwa nakupa habari tu."

Nikauliza, kwa hiyo nisije? Akasema, "Kaa hukohuko usome. Usije ukanivurugia mashine yangu."

Yangu! Iliniuma kidogo, Mjomba, nisikudanganye. Nani sasa atakayeniita nyumbani?

Tangu nifike hapa nguo zangu zilikuwa ndani ya begi, na begi mlangoni, ili akiita nisichelewe. Nilipokata simu nikazitoa moja moja nikazipanga kabatini. Yule wa pampu akaamka akauliza, "Wewe umefika leo?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Leo."

Mpwa wako,
mwanafunzi